Santuri za Filamu na Ngoma za Gitega: Mkusanyo Kamili ni Upi?

Utangulizi

Kurasa hizi zimezoea kubeba mijadala ya sarufi, ya fasihi na ya mbinu za kufundisha. Safari hii tunamwomba msomaji atuvumilie tuitazame kazi ambayo kwa mbali yaonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi, yaani kazi ya kukusanya santuri za muziki wa filamu. Wako watu katika nchi nyingi ambao humchagua mtunzi mmoja wa muziki wa filamu, wakaazimia kuipata kila santuri yenye jina lake, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, isisalie hata moja. Hutafuta madukani, huandikiana, hubadilishana, na huweka orodha ndefu zenye alama mbele ya kila kilichopatikana. Neno linalowaongoza ni moja tu: kamili.

Neno hilo ndilo lililotuvuta. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno bila ya kuliuliza maana yake. Mkusanyo huwa kamili lini, na kwa kipimo cha nani? Swali hili si la Wazungu peke yao. Latugusa sisi tunaofundisha Kiswahili katika Afrika Mashariki, na lawagusa hasa wenzetu wa Burundi, kwa sababu sauti za ngoma zilizonaswa katika nchi yao zimo ndani ya santuri zilizouzwa pande nyingi za dunia, ilhali majina ya mikono iliyozipiga ni vigumu kuyapata.

Rai tutakayoitetea ni hii: idadi ya santuri haitoshi kuufanya mkusanyo uwe kamili. Mkusanyo hukamilika pale kila sauti iliyomo inapoweza kurudishwa kwa mtu aliyeitoa, mahali alipoitolea na siku aliyoitoa. Tutaanza na mtunzi mmoja Mmarekani, ambaye santuri yake moja ina jina la Kiswahili. Kisha tutakwenda Gitega zilipo ngoma zenyewe, na mwisho tutafika Muyinga, mpakani, ambako twaona kuna kazi inayowangoja walimu wa Kiswahili.

Santuri yenye jina la Kiswahili

Mwaka 1962 ilitolewa nchini Marekani santuri iliyoandikwa juu ya jalada lake neno ambalo kila mwanafunzi wetu analijua: Hatari! Ilikuwa santuri ya muziki wa filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Howard Hawks, naye John Wayne akiwa mchezaji wake mkuu. Filamu hiyo ilipigwa Tanganyika, hasa upande wa Arusha, muda mfupi kabla ya Uhuru wa Desemba 1961. Mtunzi wa muziki wake alikuwa Henry Mancini, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 1994.

Mancini ni mtu anayependwa sana na wakusanyaji. Mwaka 1961 alitunga muziki wa filamu ya Breakfast at Tiffany's, ambao ulimpatia tuzo mbili za Oscar, ya muziki wa filamu na ya wimbo bora. Kipande kimoja cha santuri ya Hatari!, kiitwacho Baby Elephant Walk, yaani mwendo wa mtoto wa tembo, kilimpatia tuzo ya Grammy kwa ajili ya mpango wa vyombo vyake. Katika santuri hiyohiyo kimo kipande kingine kiitwacho Big Band Bwana. Basi maneno mawili ya Kiswahili, hatari na bwana, yaliingia katika nyumba nyingi za Marekani kwa mlango wa muziki, hata kwa watu wasiojua kwamba kuna lugha iitwayo Kiswahili.

Mancini mwenyewe amesimulia kwamba Hawks alirejea kutoka Afrika akiwa na sauti za nyimbo za Kimasai alizozinasa, pamoja na vyombo kadhaa vya muziki, mojawapo ikiwa marimba ya vidole, ile ambayo Warundi huiita ikembe. Mtunzi alivitumia vitu hivyo katika kazi yake. Hapa mwalimu wa Afrika Mashariki atasita kidogo. Wamasai wanajulikana kwa kuimba kwa sauti zao wenyewe, na marimba ya vidole si chombo chao. Chombo hicho basi kilitoka kwa nani, katika kijiji gani, na fundi wake ni yupi? Jalada la santuri halina jibu. Jina la mtunzi limo, jina la filamu limo, na namba ya santuri imo. Aliyekichonga chombo hakutajwa.

Ugumu wa neno kamili

Mtu asidhani kwamba kuzikusanya santuri za Mancini ni jambo jepesi kwa kuwa jina lake li wazi. Wakusanyaji hukutana na vikwazo vitatu, na kila kimoja kina funzo kwetu.

Kikwazo cha kwanza ni kazi zisizo na jina. Mancini aliajiriwa na kampuni ya Universal mwaka 1952, na kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa watunzi wa idara ya muziki ya kampuni hiyo. Ilikuwa desturi ya idara hiyo kugawanya filamu moja kwa watunzi wawili au watatu, kila mmoja akaandika vipande vyake, na mara nyingi majina yao hayakuonyeshwa kabisa. Filamu ya Creature from the Black Lagoon, ya mwaka 1954, ni mfano mmoja: muziki wake ulitungwa na Mancini, Hans Salter na Herman Stein, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa mwanzoni mwa filamu. Kazi hizo zimerudishwa kwa wenyewe baadaye, kwa sababu moja tu: karatasi zilikuwepo. Kampuni ziliandika orodha ya kila kipande cha muziki, urefu wake na mtunzi wake, maana malipo yalitegemea orodha hizo. Miaka ilipita, watafiti wakazifungua karatasi, na jina lililofichwa likatoka.

Kikwazo cha pili ni tofauti baina ya santuri na filamu. Aghalabu Mancini hakuuchukua muziki uliosikika katika filamu akaupeleka moja kwa moja kwenye santuri. Aliwakusanya wanamuziki tena, akaupiga muziki upya kwa namna itakayompendeza mtu aliyeketi nyumbani kwake, na vipande vingi vya hofu na mashaka akaviacha nje. Kwa hiyo mtu aliyeinunua santuri ya Hatari! mwaka 1962 hakuwa na muziki wa filamu yenyewe, alikuwa na mfano wake. Miongo kadhaa ilipita kabla ya kampuni ya Intrada ya Marekani kuutoa muziki ule wa asili kutoka kanda zilizohifadhiwa. Aliyedhani mkusanyo wake umekamilika alikuta una pengo.

Kikwazo cha tatu ni matoleo. Santuri moja hutolewa Marekani, ikatolewa tena Uingereza kwa jalada jingine, ikapunguzwa wimbo mmoja Ufaransa, ikaongezwa miwili Japani. Mkusanyaji hulazimika kuamua kama anazikusanya sauti au anayakusanya majalada. Wengi huishia kuyakusanya yote mawili, na fedha yao huwakimbia.

Tukivitazama vikwazo hivi pamoja, twaona kwamba kazi ya mkusanyaji mwangalifu inafanana sana na kazi ya mhariri wa mashairi ya kale. Naye hulinganisha nakala, hutafuta mtunzi halisi wa ubeti usio na jina, hutenganisha maneno ya awali na yaliyoongezwa na wanakili. Tofauti ni kwamba huyu ana miswada, na yule ana santuri.

Filamu isiyo na mtunzi

Sasa tutoe mfano wa filamu inayoivunja kabisa kanuni ya wakusanyaji. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu ya King Solomon's Mines, iliyopigwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati, ikiwemo Ruanda-Urundi, eneo lililokuwa wakati huo chini ya udhamini wa Ubelgiji. Wachezaji wa Kitutsi walionekana humo katika ngoma zao. Filamu hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri. Ila haikuwa na muziki uliotungwa na mtunzi wa Hollywood kama ilivyokuwa desturi. Mahali pa muziki huo palijazwa na nyimbo na ngoma za Waafrika.

Ilikuwapo filamu ya awali yenye jina hilohilo, ya mwaka 1937, ambayo Paul Robeson aliimba ndani yake nyimbo zilizotungwa na Mischa Spoliansky. Mkusanyaji anajua aiweke wapi filamu ile ya 1937: chini ya jina la Spoliansky. Hii ya 1950 ataiweka wapi? Rafu zake zimepangwa kwa majina ya watunzi, na filamu hii haina mtunzi anayetajwa. Lakini muziki unasikika! Kuna watu walioimba, kuna watu waliopiga, kuna mtu aliyeanzisha na wengine wakaitikia. Kwa kipimo cha rafu hizo, watu hao hawapo.

Hapo ndipo twaona kwamba kosa limo katika kipimo chenyewe. Mpango unaomtambua mtu aliyeandika noti kwenye karatasi na usiomtambua mtu aliyezaliwa katika ukoo wa wapiga ngoma, akafundishwa na baba yake, hauwezi kuitwa kamili hata ukiwa na santuri elfu kumi.

Ngoma za Gitega

Tufike basi Burundi. Mji wa Gitega, ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi hiyo, una Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa mwaka 1955. Kilomita saba hivi kutoka mjini iko Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme, panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Hapo huhifadhiwa ngoma mbili mashuhuri, Ruciteme na Murimirwa. Jina la kwanza lamtaja yule ambaye kwa ajili yake watu hufyeka msitu, na la pili yule ambaye kwa ajili yake watu hulima. Ngoma hizi zafungamana na jembe na mbegu. Zilivuma katika sherehe ya umuganuro, sikukuu ya mtama, ambayo mwami alifungua nayo majira ya kupanda.

Walimu wa Kiswahili watapenda kulinganisha maneno. Kwetu ngoma ni chombo, na pia ni mchezo mzima wenye kuimba na kucheza. Katika Kirundi, ingoma ni chombo, na pia ni ufalme. Kusema ingoma ni kuitaja enzi. Sehemu za chombo chenyewe huitwa kwa majina ya uzazi na malezi: yako maneno amabere, yaani maziwa ya mama, umukondo, yaani kitovu, na urugori, lile taji la mama mzazi. Mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme. Wapigaji huitwa abatimbo. Katika kundi lao ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza; amashakwe hushika mapigo yasiyokoma; na ibishikizo huifuata inkiranya. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma hii ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mwezi Novemba 1966 ufalme wa Burundi uliondolewa, na Michel Micombero akatangaza jamhuri. Mwaka uliofuata, 1967, Mfaransa Michel Vuylsteke alizunguka Burundi na kinasa sauti chake, na sauti alizozikusanya zikatolewa na Ocora, kampuni ya santuri ya redio ya Ufaransa iliyojengwa na Charles Duvelle. Santuri hiyo ina sauti za aina nyingi: ina ngoma, ina inanga inayofuatana na uimbaji wa kunong'ona, na ina akazehe, maamkizi yanayoimbwa na wanawake. Tumwombe msomaji aipime tarehe hiyo. Ngoma zilizokuwa sauti ya mwami zilinaswa mwaka mmoja tu baada ya kiti cha mwami kuondolewa. Waliozipiga walikuwa watu waliofunzwa katika enzi moja, wakipiga katika enzi nyingine. Kwa mwanahistoria, hicho ni kipindi ambacho hakirudi tena. Kila jina la mpigaji wa siku ile lingekuwa na thamani kubwa.

Safari ya sauti

Yaliyotokea baadaye yanajulikana vyema na wapenzi wa muziki wa Ulaya. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa aliyejiita Mike Steiphenson aliichukua sauti ya wapiga ngoma wa Burundi iliyokuwa imenaswa na Ocora, akaongeza juu yake gitaa na kinanda, akaitoa kama santuri yake, kwa jina la Burundi Black. Santuri hiyo iliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza mwaka huohuo. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alitumia sauti za ngoma za Burundi katika wimbo wake The Jungle Line. Kufikia mwaka 1980 mapigo hayo yalikuwa yameigwa na makundi ya vijana wa London, wakiwemo Adam and the Ants. Mwaka 1981 Burundi Black ikatolewa tena kwa mpango mpya.

Ikumbukwe kwamba wapiga ngoma wa Burundi wenyewe pia walisafiri. Mwaka 1982 walipiga katika tamasha la kwanza la WOMAD, huko Shepton Mallet, Uingereza, na mwaka 1992 kampuni ya Real World ilitoa santuri ya ngoma zao. Hapo walau walisimama mbele ya watu, wakaonekana, wakashangiliwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walitunzwa ugenini pia, na ni haki yao.

Ila katika santuri ya 1971 jina lililokaa mahali pa mtunzi ni la Steiphenson. Na katika santuri ya Joni Mitchell ngoma zilitajwa kuwa ni ngoma za wapiganaji wa Burundi. Tazama jinsi maana inavyopotea hatua kwa hatua. Kwa Mrundi ni ingoma, ambayo ni chombo, ni enzi, ni sikukuu ya mtama na ni sifa ya mama mzazi. Kwa kampuni ya Ufaransa ikawa ngoma ya kienyeji. Kwa wasikilizaji wa Uingereza na Marekani ikawa ngoma ya vita. Sauti haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maandishi yaliyoizunguka, na maandishi ndiyo kazi yetu sisi walimu.

Karatasi na kumbukumbu

Tulinganishe sasa mambo mawili. Mancini alipokuwa mtunzi asiyetajwa katika miaka ya 1950, karatasi za kampuni zililihifadhi jina lake hadi lilipotafutwa. Wapiga ngoma walionaswa mwaka 1967 walihifadhiwa na nini? Walihifadhiwa na kumbukumbu za jamaa zao, za majirani zao, za vijana waliobeba ngoma kichwani nyuma yao. Kumbukumbu ni hazina kubwa, lakini ina adui wawili, kifo na uhamisho, na Burundi imewajua wote wawili kwa uchungu. Yalitokea mauaji ya mwaka 1972. Vikaja vita vilivyoanza mwaka 1993 na kuendelea zaidi ya miaka kumi. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa, na wengine wengi walikimbilia Tanzania, Kongo, Rwanda na mbali zaidi. Mzee aliyejua ni nani aliyeshika inkiranya siku fulani huenda alikufa, au alizeeka katika kambi, au amerudi akakuta hakuna anayemwuliza.

Serikali ya Burundi nayo imeonyesha kwamba inaitambua thamani ya ngoma hizi. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 iliagiza makundi ya wapiga ngoma yaandikishwe, ikaweka masharti ya kuzipiga nje ya sherehe rasmi, na ikakataza wanawake kuzipiga, jambo ambalo lilizua mabishano. Hatukusudii kuyaamua mabishano hayo hapa. Twapenda kuonyesha tu kwamba kuandikisha makundi ya leo ni jambo moja, na kuwaandika waliopiga jana ni jambo jingine. La pili halihitaji amri. Lahitaji daftari na masikio.

Kazi ya walimu, Gitega na Muyinga

Huenda msomaji akauliza: haya yote yamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Si kazi ya Kirundi hii? Si kazi ya wataalamu wa muziki? Jibu letu ni kwamba ni kazi ya wote hao, na Kiswahili kina mahali pake.

Muyinga ni mji wa kaskazini-mashariki ya Burundi, kwenye njia iendayo Kobero, na ukivuka mpaka wa Kobero unaingia Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania. Watu, bidhaa na sauti vimepita njia hiyo kwa miaka mingi. Wakimbizi walipita wakienda, na wengi walipita wakirudi, wakiwa na watoto waliojifunza Kiswahili upande wa pili. Mtu aliyekulia kambini anaweza kumsimulia mwalimu kwa Kiswahili aliyoyasikia kwa babu yake kwa Kirundi. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya kuandika mambo ya Burundi kwa lugha inayosomeka Arusha, Mombasa, Kampala na Bukavu imezidi. Habari ya ngoma za Gishora ikibaki katika Kifaransa cha majalada ya Paris, mwanafunzi wa Tanga hataipata. Ikiandikwa kwa Kirundi na kwa Kiswahili, itakaa kwao na itasafiri pia.

Twapendekeza jambo dogo linaloweza kufanywa na shule yoyote. Kila sauti iliyonaswa, iwe katika santuri, katika kanda ya zamani au katika simu ya mwanafunzi, iandikiwe kadi yake. Kadi hiyo iwe na majibu ya maswali saba. Je, sauti hii huitwaje katika lugha ya wenyewe? Ni nani walioitoa, kila mmoja na nafasi yake? Ilitolewa wapi, hadi kilima na kijiji? Ilitolewa lini? Nani aliinasa? Nani alitoa ruhusa, na kwa masharti gani? Tangu wakati huo imetumiwa wapi kwingine?

Tujaribu kadi moja kwa mfano. Jina la kienyeji: ingoma. Mwaka: 1967. Nchi: Burundi. Aliyenasa: Michel Vuylsteke. Kampuni: Ocora, Ufaransa. Ilikotumiwa baadaye: Burundi Black, 1971. Wapigaji: ........ Msomaji auone mstari huo wa nukta. Ndio mstari ambao mkusanyaji wa London au wa Paris, hata awe tajiri namna gani, hawezi kuujaza kwa fedha. Anayeweza kuujaza ni mtoto wa shule wa Gitega atakayekwenda kwa babu yake na kumwomba ataje waliokuwa wakipiga alipokuwa kijana, nani alisimama katikati, na nani alimfundisha.

Twajua kwamba baadhi ya majina hayatapatikana tena. Hata hivyo, kadi yenye pengo lililoandikwa wazi ni bora kuliko jalada linaloficha pengo kwa picha nzuri. Pengo lililoandikwa humwalika mtu alijaze. Haba na haba hujaza kibaba.

Pa kuziweka kadi hizo pako. Gitega ina Makumbusho yake. Muyinga ina maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo wa palepale, jirani na shule ya watoto viziwi. Redio ya taifa ya Burundi, inayotangaza pia kwa Kiswahili, inaweza kuyasoma majina yaliyopatikana na kuwaomba wasikilizaji wayasahihishe. Nje ya nchi, Makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji na maktaba ya sauti ya Kiafrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey nchini Afrika ya Kusini mwaka 1954 zimehifadhi sauti nyingi za Afrika ya Kati na Mashariki. Mwalimu akiwaandikia wahifadhi hao akiwa na jina la mpigaji na la kijiji chake, anakwenda kama mtu mwenye kitu cha kutoa. Haendi kama mwombaji.

Hitimisho

Hatuwabezi wakusanyaji wa santuri za filamu. Uvumilivu wao wa kuitafuta santuri moja kwa miaka mingi, kulinganisha matoleo na kumrudishia mtunzi kazi aliyonyimwa jina ni sifa ambazo kila mwalimu angependa kuziona kwa wanafunzi wake. Wametufunza kwamba sauti inaweza kupotea ilhali santuri ipo, kama muziki wa asili wa Hatari! ulivyopotea kwa miongo kadhaa huku santuri yake ikichezwa kila mahali. Wametufunza pia kwamba jina linaweza kurudi iwapo kuna aliyeliandika.

Burundi yenyewe ilimpata Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyegeuka mwongozaji wa filamu, ambaye mwaka 1992 alitoa Gito l'ingrat, inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Mrundi. Filamu nyingine zimekuja na zitakuja, na muziki wake utataka kuandikwa. Yafaa utaratibu wa kuwaandika wapigaji na waimbaji uzoeleke shuleni mapema, ili siku mkusanyaji wa kesho atakapouliza ni nani aliyepiga, asijibiwe kwa jina la nchi peke yake.

Walimu wenzetu wa Gitega na Muyinga, wazee wenye majina hayo bado wako, nao hawazidi kuwa vijana. Waanzeni hao muhula huu, kabla ya santuri.